Jinsi ya kuchora mti wa ukoo wa Wettin bila kuchanganya milango yake

Anayeanza kuuchora ukoo wa Wettin, watawala wa Kijerumani wa Saksonia na Thuringia, kwa kuorodhesha watu kwa kawaida huishia kuchana karatasi. Majina ni yale yale: Ernst, Albrecht, Friedrich, Johann, Johann Ernst, Johann Friedrich, Friedrich August. Vyeo vinahama kutoka kwa ndugu mmoja kwenda kwa mwingine, na neno Sachsen, yaani Saksonia, limebandikwa mbele ya karibu kila kipande cha ardhi walichokitawala. Ukoo huu ulishika nchi ya Meissen tangu 1123, chini ya Konrad, na watawala wake wa mwisho nchini Ujerumani waliachia viti Novemba 1918. Katika karne hizo nane ardhi iligawanywa, ikaunganishwa, ikagawanywa tena. Njia inayofanya kazi ni kuchora kwanza miaka ya migawanyo na miaka ya kufungwa kwa milango, kisha ndipo uwapange watu.

Mlango hapa ni tawi linaloshuka kutoka kwa mwana mmoja wa kiume. Hufungwa siku anapokufa mwanamume wake wa mwisho bila kuacha mtoto wa kiume wa ndoa halali. Mlango ukifungwa ardhi haibaki bila mwenyewe. Huwarudia ndugu wa milango iliyo hai, na hapo ndipo magomvi ya ukoo huu yanapozaliwa.

Kanuni mbili za kushika kabla ya penseli

Kanuni ya kwanza: nasaba huhesabiwa kuumeni. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, hata kama mama ndiye mwenye kiti cha enzi. Binti wa Wettin anaandikwa kwenye mti, lakini watoto wake ni wa ukoo wa mumewe na hawachorwi kwa mstari mzima.

Kanuni ya pili: kwa muda mrefu kifungua mimba hakuchukua vyote. Ardhi ilikuwa mali ya wana wote, ama waitawale kwa pamoja ama waigawane. Kulikuwa na ardhi moja isiyogawanyika. Hati ya Dhahabu ya 1356 ilikataza kuikata nchi iliyobeba haki ya kumchagua Kaisari wa Dola Takatifu la Roma. Mwenye nchi hiyo aliitwa Kurfürst, mtemi mchaguzi. Kwa hiyo katika kila mgawanyo jiulize maswali mawili tofauti: nani alipata ardhi, na nani alipata uchaguzi? Wanaoyachanganya maswali haya hukosea kabla hawajafika 1500.

Karatasi na vipimo

Chukua karatasi mbili za A3, uziunganishe kwa seloteipu kwenye upande mrefu, nyuma tu ili kalamu isiteleze juu ya plastiki. Utapata ubao wa sentimita 42 kwa 59.4. Usimamishe, yaani upande wa 59.4 uwe wima. Kipimo ni sentimita 1 kwa miaka 10. Acha sentimita 0.7 juu, weka mwaka 1440 hapo, na 2020 itaangukia sentimita 58 chini yake. Kutoka mstari huo wa 1440, mwaka 1485 uko sentimita 4.5, 1547 uko 10.7, 1680 uko 24, 1826 uko 38.6 na 1918 uko 47.8. Pitisha mistari mitano ya penseli kwa rula kutoka ukingo hadi ukingo. Hiyo ndiyo mifupa ya mchoro wote.

Upana ugawe hivi: sentimita 2 za kushoto kwa miaka, 28 kwa mlango wa Ernst, 12 za kulia kwa mlango wa Albrecht. Ndani ya zile 28, sentimita 6 za kwanza ni za Weimar, na 21 zinazofuata ni safu saba za sentimita 3, moja kwa kila mwana wa Ernst Mchaji wa Gotha. Sentimita 1 inayobaki ni uwazi wa kutenganisha mlango wa Ernst na wa Albrecht.

Mpangilio wa safu hizo saba ndio unaookoa mchoro, na watu wengi hukosea hapa kwa kuzipanga kwa umri. Zipange hivi, kutoka kushoto: Gotha, Meiningen, Hildburghausen, Saalfeld, Coburg, Eisenberg, Römhild. Safu tatu za mwisho zitakufa mapema, kabla ya 1711, na sentimita 9 zitabaki tupu upande wa kulia wa Saalfeld. Saalfeld ndiyo itakayozaa watawala wa Ubelgiji, Uingereza, Ureno na Bulgaria, na nafasi yao itakuwa tayari imewangoja. Ukipanga kwa umri, Saalfeld, mlango wa kitinda mimba, unabanwa pembeni, na ufikapo 1831 huna pa kuandika. Nambari ya uzao iandike pembeni ya jina.

Rangi nne zinatosha. Nyeusi kwa mstari wa baba na mwana, nyekundu kwa alama ya kufungwa mlango, bluu kwa mshale wa ardhi iliyohama, na penseli ya vitone kwa ndoa, uzao wa kukeni na watoto wa nje ya ndoa.

Shina hadi 1485

Haya yaandike kwa ufupi kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu. Konrad aliachia utawala 1156 na kuwagawia wana watano, na Otto akachukua Meissen. Mwaka 1168 fedha iligunduliwa mahali palipokuja kuitwa Freiberg, na migodi hiyo ndiyo iliyolipia makasri na vita vya ukoo kwa karne kadhaa. Thuringia iliingia mkononi mwao baada ya vita vya urithi vilivyoisha 1264. Kisha, 1423, Friedrich Mpiganaji alipewa Saksonia ya Wittenberg pamoja na haki ya uchaguzi, kwa sababu watemi wa ukoo wa Askania waliokuwa nayo walikuwa wamekwisha.

Mwaka huo 1423 uzungushie duara. Kabla yake, Meissen na Dresden hazikuitwa Saksonia. Jina lilipanda Mto Elbe pamoja na cheo, likaenea kwenye ardhi zote za Wettin, na ngao ya milia myeusi na ya dhahabu yenye taji la kijani la mshazari ikaja nalo. Ngao hiyo ni ya Waaskania kwa asili. Ukiiona kwenye sarafu ya kabla ya 1423, mwenye sarafu si Mwettin. Na baada ya mwaka huo bado ilikuwapo Sachsen-Lauenburg, ya Waaskania hadi walipokwisha 1689. Jina linafanana, damu ni nyingine. Iache nje ya karatasi.

Friedrich Mpole alikufa 1464 akiacha wana wawili, Ernst na Albrecht, wale wale waliotekwa utotoni na Kunz von Kauffungen kwenye ngome ya Altenburg, Julai 1455. Walitawala pamoja miaka 21. Chora mistari miwili sambamba kutoka 1464 hadi 1485 na uiunganishe kwa vistari vya mlalo. Mara nyingine utawala wa pamoja husomwa kama kurithishana, na Albrecht hugeuka mwana wa Ernst.

Mgawanyo wa Leipzig wa 1485 ulifuata desturi: mkubwa anagawa, mdogo anachagua. Albrecht alichukua Meissen, Dresden, Leipzig na kaskazini ya Thuringia. Ernst alibaki na sehemu kubwa ya Thuringia, pamoja na Wittenberg na uchaguzi, ambavyo havikuwa kwenye mizani. Mapato ya migodi ya fedha yaliendelea kuwa ya wote wawili. Kipengele hicho cha migodi ni muhimu, kwa sababu kiliwafungamanisha ndugu waliokwisha kukosana, na vizazi vilivyofuata vikaendelea kuvutana juu yake.

1547: cheo kinavuka karatasi

Upande wa Ernst unaanza kwa nguvu. Friedrich Mwenye Hekima alianzisha Chuo Kikuu cha Wittenberg 1502 na kumficha Martin Luther kwenye ngome ya Wartburg 1521 hadi 1522. Hakuwa na mwana wa ndoa, kwa hiyo kiti kilimwendea ndugu yake Johann 1525. Mstari upitie kwa Johann, si kwa Friedrich. Mwana wa Johann, Johann Friedrich, aliongoza Waprotestanti dhidi ya Kaisari Karl V, akashindwa na kukamatwa Mühlberg tarehe 24 Aprili 1547. Mwezi Mei alitia saini hati ya kusalimu amri huko Wittenberg, akapoteza uchaguzi na nchi iliyoubeba.

Aliyeuchukua ni Moritz wa mlango wa Albrecht, Mprotestanti mwenzake aliyesimama upande wa Kaisari. Chora mshale mnene wa bluu kutoka kushoto kwenda kulia kwenye sentimita 10.7. Usisogeze mtu yeyote pamoja nao: kilichohama ni cheo na ardhi, nasaba imebaki ilipokuwa. Ni kwa sababu ya mshale huu kwamba mlango mkubwa ndio uliobaki na vinchi vidogo vya Thuringia, na mlango mdogo ukawa wa watemi wachaguzi, na kuanzia 1806 wafalme. Msomaji asiyeujua mshale huu atasoma historia yote iliyobaki kinyumenyume.

Mafundo ya Thuringia, 1572 hadi 1680

Hapa kwenda taratibu. Johann Friedrich II, mwana wa yule aliyeshindwa Mühlberg, alijaribu kurudisha uchaguzi kwa kumlinda mwasi Grumbach. Gotha ilizingirwa na kuanguka 1567, naye akafungwa maisha huko Austria. Mwaka 1572, huko Erfurt, wanawe walipewa Coburg na Eisenach, na ndugu yake Johann Wilhelm akabaki na Weimar. Wale wa Coburg na Eisenach walikwisha 1638. Wachore kwa muda kwenye nafasi za Coburg na Eisenberg, ambazo bado ni tupu, kutoka sentimita 13.2 hadi 19.8, kisha weka alama nyekundu.

Weimar nayo ilizaa Altenburg 1603, iliyofungwa 1672. Mwaka 1640 ndugu watatu waligawana: Wilhelm akapata Weimar, Albrecht akapata Eisenach, Ernst akapata Gotha. Albrecht alikufa 1644 bila mtoto, na sehemu yake ikagawiwa wawili waliobaki. Mwaka 1672 wa Weimar wakagawana tena kuwa Weimar, Eisenach na Jena. Jena ikafungwa 1690, Eisenach 1741. Ndiyo maana Weimar ilipewa sentimita 6: ni safu tatu za sentimita 2, mbili za kulia zikiwa za muda mfupi. Kutoka 1741 Weimar ni mstari mmoja ulionyooka hadi 1918, kwa kuwa kifungua mimba ndiye aliyerithi yote tangu hapo. Mwaka 1815 mtawala wake alipandishwa kuwa Großherzog, mtemi mkuu.

Kumbuka kuandika miaka kando ya kila jina la nchi, kwa sababu majina yanarudi. Sachsen-Altenburg ni nchi mbili tofauti: ya 1603 hadi 1672, na ya 1826 hadi 1918. Sachsen-Eisenach ilikuwapo mara tatu. Kwenye maandishi ya Kiingereza na Kifaransa utakuta Saxe badala ya Sachsen, na programu za kutafuta hazitambui kila mara kwamba ni kitu kimoja, basi tafuta kwa maumbo yote mawili.

Wana saba wa Ernst Mchaji

Ernst wa Gotha, aliyeitwa Mchaji kwa bidii yake ya dini na shule, alikufa 1675 akiacha wana saba hai. Usia wake ulitaka ndugu watawale pamoja chini ya mkubwa. Ulidumu miaka mitano tu. Kati ya 1680 na 1681 nchi ndogo ikakatwa vipande saba: Friedrich akabaki Gotha na Altenburg, Albrecht Coburg, Bernhard Meiningen, Heinrich Römhild, Christian Eisenberg, Ernst Hildburghausen, na kitinda mimba Johann Ernst akapata Saalfeld. Hawakuwa sawa. Gotha ilibaki na nguvu kubwa zaidi, na baadhi ya wadogo walikuwa na cheo cha Herzog, yaani mtemi, huku mambo mengi ya nchi yao yakiendelea kuamuliwa Gotha.

Alama nyekundu zinakuja haraka: Coburg 1699, Eisenberg 1707, Römhild 1710. Ugomvi wa urithi wao ulidumu hadi 1735, na mwisho wake Saalfeld ilishika Coburg. Tangu hapo andika Sachsen-Coburg-Saalfeld kwenye safu ya Saalfeld, na mshale wa bluu kutoka safu ya Coburg. Usiwahamishie wazao wa Johann Ernst kwenye safu ya Coburg eti kwa sababu wamepata mji huo. Safu ni ya damu, mshale ni wa ardhi.

Kisha 1825 Friedrich IV wa Gotha-Altenburg akafa, wa mwisho wa mlango wa Gotha. Ndugu yake August, aliyemtangulia, alikuwa na binti, Luise, mke wa Ernst wa Coburg. Binti hakuweza kurithi. Milango mitatu iliyobaki ikadai. Mfalme Friedrich August I wa Saksonia, wa ule mlango wa Albrecht, akasimama kama msuluhishi, na mkataba ukatiwa saini Hildburghausen tarehe 12 Novemba 1826. Huu ni mstari wa kuchora kwa uangalifu kuliko wote, maana ardhi ilihama kila upande:

Mtemi wa Hildburghausen aliiachia nchi yake yote na kwenda Altenburg.
Mtemi wa Meiningen alibaki kwake, akaongezewa Hildburghausen na Saalfeld.
Mtemi wa Coburg-Saalfeld alitoa Saalfeld, akapata Gotha.

Mishale minne ya bluu basi, na nchi tatu zilizotokea: Sachsen-Altenburg, Sachsen-Meiningen, Sachsen-Coburg und Gotha. Ukiongeza Weimar unapata vinchi vinne vya mlango wa Ernst, na hivyo ndivyo vilivyofika 1918. Kosa linalojirudia ni kudhani kwamba Coburg und Gotha inatokana na mlango wa Gotha wa zamani. Ule ulifungwa, hii ni Saalfeld ikiwa na jina jipya.

Upande wa kulia, kwa haraka

Safu ya Dresden ni rahisi hadi 1656, alipokufa Johann Georg I. Usia wake uliwapa wana watatu wadogo nchi za Weissenfels, Merseburg na Zeitz, chini ya mkubwa wao. Safu tatu za sentimita 3 zinawatosha: Zeitz inafungwa 1718, Merseburg 1738, Weissenfels 1746, na ardhi zote zinarudi Dresden. Sentimita zile 12 zinarudi kuwa safu moja.

Ugumu wa upande huu ni nambari. Friedrich August I mtemi mchaguzi, aliyeitwa Mwenye Nguvu, alishika Saksonia 1694 na 1697 akachaguliwa mfalme wa Poland kwa jina la August II, baada ya kuingia Ukatoliki. Mwanawe ni Friedrich August II kwa Saksonia na August III kwa Poland. Mjukuu wa huyo ni Friedrich August III hadi 1806, halafu, nchi ilipopandishwa kuwa ufalme, hesabu ikaanza upya na mtu huyo huyo akawa Friedrich August I. Baadaye wakaja wafalme wengine Friedrich August II, 1836 hadi 1854, na Friedrich August III, 1904 hadi 1918. Kila nambari ina watu wawili. Usiandike nambari peke yake kamwe: andika nambari, cheo na nchi, kwa mfano «Friedrich August II, mfalme, Saksonia, 1836–1854». Coburg nako ni hivyo: Ernst III wa Coburg-Saalfeld na Ernst I wa Coburg und Gotha ni mtu mmoja, kabla na baada ya 1826.

Jambo la pili ni kwamba orodha ya wafalme si mti. Wafalme saba wa Saksonia ni vizazi vinne tu. Friedrich August I alifuatwa na ndugu yake Anton, kisha mtoto wa ndugu yao Maximilian, kisha ndugu wa huyo, Johann. Maximilian hakutawala, aliachia haki yake kwa mwanawe 1830, na kwa hiyo hayumo kwenye orodha yoyote ya wafalme. Bila yeye mstari mweusi unakatika. Kila unapokuta pengo kati ya wafalme wawili, tafuta baba ambaye hakuvaa taji.

Kwenye safu hii pia weka Albert wa Sachsen-Teschen, mwana wa August III, aliyeoa binti wa Maria Theresia na kuanzisha mkusanyo wa michoro ulioko Vienna kwenye jumba la Albertina. Na kwa vitone vya penseli, Moritz wa Sachsen, mwana wa nje ya ndoa wa August Mwenye Nguvu, aliyekuwa Marshali wa Ufaransa na mshindi wa Fontenoy 1745.

Coburg inavuka mipaka

Sasa rudi kwenye zile sentimita 9. Franz, mtemi wa Coburg-Saalfeld, alikufa 1806. Wanawe watatu ndio shina la yote. Ernst alibaki nyumbani. Ferdinand alimwoa Maria Antonia Koháry 1816, mrithi tajiri wa Hungaria, na mlango wake ni wa Kikatoliki: mwanawe Ferdinand alimwoa malkia Maria II wa Ureno 1836, na mjukuu wake, Ferdinand tena, akawa mtawala wa Bulgaria 1887 na Tsar 1908. Leopold, mdogo, akawa mfalme wa kwanza wa Wabelgiji 1831. Ferdinand wa Ureno na Ferdinand wa Bulgaria ni mtu na mtoto wa ndugu yake. Vitabu vya haraka huwafanya baba na mwana.

Kwa Ubelgiji, mwana wa Leopold I ni Leopold II, yule aliyeimiliki Kongo kama mali yake kuanzia 1885 hadi 1908 na kuwatesa watu wake kwa ajili ya mpira na pembe. Aliyemfuata 1909, Albert I, ni mtoto wa ndugu yake Philippe, ambaye hakutawala. Hapa tena lile pengo.

Kwa Uingereza, Albert, mwana wa pili wa Ernst I, alimwoa Malkia Victoria tarehe 10 Februari 1840. Victoria mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Welf wa Hannover. Mama yake ndiye aliyekuwa wa Coburg, dada wa Leopold na Ernst. Mwana wa Albert na Victoria, Edward VII, 1901, ndiye Mwettin wa kwanza kwenye kiti cha Uingereza. Tarehe 17 Julai 1917, katikati ya vita na Ujerumani, George V alibadili jina la nyumba kuwa Windsor. Andika jina jipya pembeni ya mstari, lakini usiukate. Jina rasmi hubadilika kwa tangazo, nasaba haibadiliki.

Coburg yenyewe ilikosa mrithi 1893, Ernst II, kaka yake Albert, alipokufa bila mtoto. Kiti kilikwenda kwa Alfred, mwana wa Albert na Victoria; mwana wa Alfred akafa 1899, na 1900 kikaenda kwa Carl Eduard, kijana wa miaka 16 aliyezaliwa Uingereza. Aliachia kiti Novemba 1918. Coburg ikajiunga na Bavaria 1920 na Gotha ikaingia Thuringia, ndiyo sababu nyaraka za mlango mmoja leo zimetawanyika katika majimbo mawili.

Kukagua kabla ya kutia wino

Kaburi ni ushahidi mzuri. Watawala wa mlango wa Albrecht walizikwa kanisa kuu la Freiberg kuanzia 1541 hadi 1694. Baada ya kuingia Ukatoliki, walizikwa kanisa la Hofkirche la Dresden, isipokuwa August Mwenye Nguvu, ambaye mwili wake uko kanisa kuu la Wawel, Kraków nchini Poland, na moyo wake Dresden. Ukikuta mtu umemweka Dresden lakini kaburi liko Weimar, mchoro ndio unaokosea. Dini pia hukagua: baada ya 1697 watawala wa Dresden ni Wakatoliki huku watemi wa Thuringia kwa kawaida wakibaki Walutheri.

Tarehe za kati ya 1582 na Februari 1700 zinaweza kutofautiana kwa siku 10, kwa kuwa Waprotestanti wa Ujerumani walibaki na kalenda ya zamani hadi tarehe 18 Februari 1700, iliyofuatwa na 1 Machi. Aliyezaliwa 25 Desemba kwa kalenda hiyo anaangukia 4 Januari ya mwaka unaofuata kwa mpya. Vitabu viwili vikitofautiana mwaka kwa mtoto wa Desemba, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuangalia.

Ule ukuta wa kauri wa Fürstenzug huko Dresden, wenye urefu wa mita 102 na watawala 35 juu ya farasi, ni mzuri kwa kukagua mfuatano, ila unafuata uchaguzi na upande wa Dresden. Watemi wa Gotha, Meiningen na Coburg hawamo. Usiwafute kwa sababu hiyo.

Mtihani wa mwisho ufanyie kwenye ramani ya Afrika Mashariki na Kongo, ambako majina ya watu hawa yalibandikwa juu ya maji, miji na milima iliyokuwa na majina yake. Ziwa Albert, lililopewa jina na Samuel Baker 1864: mume wa Victoria, Mwettin, safu ya Saalfeld. Ziwa Edward, lililopewa jina na Stanley: Edward VII alipokuwa mrithi, Mwettin kwa baba. Ziwa Victoria: Mwelf, hayumo kwenye mstari mweusi ingawa mama yake yumo. Kalemie ilipoitwa Albertville: Albert wa Ubelgiji, Mwettin. Lubumbashi ilipoitwa Elisabethville: mke wake, Mwittelsbach wa Bavaria, vitone vya penseli tu. Kilele cha Kibo, ambacho Hans Meyer alikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm 1889: Mhohenzollern, ingawa mama yake alikuwa binti wa Albert. Ukiweza kumweka kila mmoja wa sita hawa bila kusita, mti wako umesimama.

Kisha tia wino hadi chini. Mstari wa Ubelgiji unaendelea na mfalme Philippe, aliyeshika kiti 2013. Ule wa Uingereza unafika kwa Elizabeth II, aliyerithi kiti 1952 akiwa Kenya, kwa mstari mzima kwa sababu baba yake ni George VI. Mwanawe Charles III ni wa ukoo wa Oldenburg kuumeni, mlango wa Glücksburg, kwa baba yake Philip, hata nyumba ikiendelea kuitwa Windsor. Kwa hiyo mstari mweusi wa kiti cha Uingereza unakoma 2022, sentimita 58.2, na kutoka hapo ni vitone.